Ramani ya Kiangazi

Mimi ndiye niliyechora ramani iliyowafungia wafugaji wa bondeni malisho yao, na shangazi yangu alikuwa mmoja wao.

Ofisini kazi yangu ni kusoma picha za setilaiti. Kompyuta inapima ukijani wa mimea, mimi naamua: hapa nyasi, hapa vichaka, hapa ardhi tupu. Mwaka ule picha za msimu wa mvua zilijaa mawingu. Kuzisafisha kungenichukua wiki tatu, na bosi alishaniulizia ramani mara mbili. Nikatumia za kiangazi peke yake.

Mtaalamu wetu wa mimea, mama mmoja tuliyemwita Bi Majani, alichungulia kompyuta yangu. "Mwanangu, nyasi zile hulala, hazifi. Subiri mvua, au twende tukazione."

"Bi Majani, wewe ungeweza, hata setilaiti ungeipeleka malishoni," nikamjibu.

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Naye akacheka kidogo, akarudi mezani kwake.

Bonde lote nikalipaka rangi ya kahawia: ardhi iliyochakaa. Miezi miwili baadaye likazungushiwa seng'enge, eti lipumzike.

Mvua ziliponyesha, wafugaji wakatuita kikaoni huko huko bondeni. Niliposhuka garini nikaona nyasi za kufika magotini, zote ndani ya seng'enge. Upande wetu ng'ombe walikuwa mbavu nje, wamebanana kwenye ardhi tupu. Nilimwona shangazi kabla hajaniona, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Akasimama. "Tunaomba kumjua aliyesema hapa pamekufa. Alikuja mwezi gani?"

Bosi akamgeukia Bi Majani, maana mambo ya mimea ni yake. Mimi nikamwacha ajibu. Yule mama akaanza kuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Ndipo nikainuka.

"Ni mimi, shangazi. Sikuja mwezi wowote."

"Si ungenipigia simu tu, mwanangu? Ningekuambia." Akaketi.

Ramani niliirudia kwa picha za mwaka mzima, Bi Majani akiwa pembeni yangu, na seng'enge ikaondolewa baada ya wiki sita. Shangazi alikuwa ameshapoteza ndama wanne. Nikimpigia, hunijulia hali vizuri, huwaulizia watoto mmoja mmoja. La ndama halitaji, nami mpaka leo sijapata uso wa kulianzisha.