Kinyozi Nje ya Mlango

"Na hii nini tena?"

Kinyozi alikuwa akinyoosha shuka la mkewe wodini alipokuta vipande vya mkate na papai vimefungwa kwenye leso, vimesukumwa chini ya mto.

Mkewe alikuwa kwenye kiti, mgongo wima kama alivyoagizwa baada ya upasuaji wa uti wa mgongo. Fundi cherehani huyu aliinamia vitambaa vya watu mpaka pingili zake za mgongo zikachoka. Akatazama ukutani.

"Nikila nitaenda choo. Nikienda nitajikamua, nyuzi zifumuke. Mimi nazijua nyuzi, baba watoto. Mshono mpya hauvutwi."

Kumbe ndiyo sababu! Tangu apasuliwe hajapata choo, tumbo limemjaa kama ngoma, na asubuhi hiyo daktari alishataja mpira wa kupitishwa puani kulipunguza. Kinyozi, ambaye dukani hanyamazi hata akiwa ameuma kitana, aliiweka leso mezani tu. Akaenda kumwita muuguzi.

Muuguzi alivuta kiti. "Mama, dawa za maumivu zimeulaza utumbo. Sasa tunauamsha. Maji, chakula kidogo kidogo, dawa hii ya kulainisha, na kutembea. Chooni weka miguu juu ya kigoda, vuta pumzi, usijikamue. Nyuzi zako zimeshonwa vizuri."

"Kunishinda mimi fundi?"

"Hapo sisemi, mama."

Alimeza dawa, akala papai, akanywa maji ya vuguvugu. Kisha wakaanza safari za ukumbini, yeye na fremu ya kutembelea, mumewe pembeni, mkono karibu na kiuno bila kumgusa. Karibu na dirisha tumbo likanguruma, upepo ukamtoka kwa sauti. Fundi akaganda.

"Samahani."

"Samahani ya nini? Rudia, mke wangu, rudia!"

Asubuhi iliyofuata, baada ya chai, alisema anasikia kitu. Muuguzi akamketisha chooni, akampangia miguu kwenye kigoda, akatoka. Kinyozi alibaki mlangoni.

"Nenda zako. Miaka yote hii hujaniona hivi."

"Siendi. Nimegeuka, sioni kitu."

Akafanya anavyofanya kwa watoto wanaoogopa wembe: akaongea. Alimsimulia mteja aliyesinzia ndevu zikiwa zimenyolewa upande mmoja, akakurupuka, akalipa, akakimbilia harusini hivyo hivyo. Ndani kikasikika kicheko kidogo. Halafu kingine.

"Baba watoto."

"Nipo."

"Hebu nyamaza kwanza."

Akanyamaza. Alikaza macho kwenye rangi iliyobambuka ukutani, akasahau hata kupumua. Hatimaye maji ya choo yakavuma, marefu, mazuri.

"Haya," sauti ya mkewe ikatoka, nyepesi, imechoka. "Mke wa huyo mteja alipomwona akasemaje?"

Kinyozi alijifuta macho kwa mkono wa shati, akamalizia kisa.

Kitandani fundi aliomba chungwa. Alilila kwa pupa, maji yakamchuruzika. Kinyozi aliposogea na taulo, yeye akafumba macho, akainua kidevu kama mteja anayesubiri kunyolewa.