Noela Alipofungua kwa Gambiti

Kila Jumapili baada ya misa, Mzee Ponsian alipanga kete za chesi mezani kwake Buhongwa, akaegemeza simu kwenye chupa ya chai na kumsubiri binti yake. Noela alikuwa muuguzi Italia, mwaka wa sita sasa. Kila mmoja alikuwa na ubao wake, na kila mmoja aliisogeza kete ya mwenzake alivyoambiwa.

Siku hiyo Noela alianza kwa kuacha kete ndogo wazi, bila ulinzi.

"Hii umeisahau, mama?"

"Sijaisahau, Baba. Nimekupa. Inaitwa gambiti."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Unatoa kete mapema ili upate nafasi nzuri mbele. Jina limetoka huku. Gamba kwa Kiitaliano ni mguu. Zamani wacheza mieleka wakimwangusha mtu kwa mguu walisema gambetto."

"Kumbe ni mtama!" Ponsian alicheka mpaka akakohoa. Odeta, marehemu mkewe, aliwahi kumpiga mtama ufukweni Bukoba enzi za uchumba wao, naye Ponsian akaanguka majini na shati lake jeupe. Alimsimulia Noela, wakacheka wote. Kicheko kilipokwisha, Ponsian alijifuta macho kwa kiganja.

"Sasa kete uliyoitoa," aliuliza, "huwa inarudi?"

"Hairudi, Baba. Unapata kitu kingine."

Ponsian aliitazama ile kete. Yeye ndiye aliyemsukuma Noela aende, akauza shamba la kahawa kwa ajili ya nauli, akiwaambia majirani kwamba mtoto atasoma, atarudi, atafanya kazi hapa hapa Mwanza. Kila Krismasi alipaka rangi chumba cha Noela.

"Baba," Noela alisema taratibu, "wameniongezea mkataba. Nimekubali. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

Ponsian alitamani kumgombeza. Alitamani zaidi kumshika kichwa, kama alivyofanya akiwa mdogo na homa. Kioo cha simu kilikuwa baridi kidoleni.

"Ile safari uliyonikaribisha," alisema mwishowe, "nikakataa."

"Mara mbili ulikataa. Ulisema ndege si chombo cha mzee."

"Nitakuja."

Noela alifunika uso kwa viganja.

"Usilie. Niambie, baridi ya huko inavumilika? Na senene wa kukaanga, uwanja wa ndege watanikubalia nipite nao?"