Gazeti la Bombani

Mwaka wa 1958 gazeti letu pale kwota, nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, Nakuru, lilikuwa karatasi mbili tu. Shemeji yangu Dalmas na wenzake wa chama walilichapa wenyewe kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu magazeti ya wazungu hayakuwa na habari zetu. Kila Jumamosi mimi nililisoma kwa sauti bombani, wanawake wakingoja maji.

Jumamosi hiyo nilisoma habari za kura, za mishahara, za mkutano wa Gilgil. Karibu nami bomba lilikuwa linatoa matone tu, na jirani yangu Nasimiyu, mimba yake kubwa, alikuwa kwenye foleni tangu alfajiri. Nikapandwa na hasira. Nikaendelea kusoma, macho kwenye karatasi:

“Bomba la kwota limeharibika tangu mwezi uliopita. Wanawake wameamua hawapiki mpaka litengenezwe.”

Jioni wanaume walitoka kazini wakakuta majiko baridi, kwota nzima. Dalmas akanijia mbio, gazeti mkononi.

“Shemeji, umewasomea nini? Hiyo habari sisi hatukuiandika!”

“Najua,” nikamwambia. “Ndiyo maana nikaisoma.”