Kioo Kikubwa Kuliko cha Burgi

Kreszenz alikuwa na wivu na hakuupa jina lingine. Kuna watu huuvika wivu wao nguo nzuri, wakadai wanatetea haki au wanasikitikia dunia inakokwenda. Yeye hakujisumbua. Siku ile baba yao alipozikwa, Gebhard, mkuu wa chama cha wawindaji cha bonde lao, alipoitoa bunduki ya marehemu na kumkabidhi Notburga, waliyezoea kumwita Burgi, kama wosia ulivyotaka, Kreszenz alisimama kwenye theluji, kofia mkononi, akajiambia: ninamwonea wivu mdogo wangu, na nitaendelea kumwonea.

Bunduki yenyewe haikuwa kitu. Bunduki kama zile zimejaa kila nyumba ya Tirol. Kilichomuuma roho ni darubini iliyofungwa juu yake, ya chuma, nzito, rangi imebanduka mahali baba yao, mzee Leonhard, alipozoea kuishika. Bonde zima liliijua. Ilisemwa kwamba mzee aliona nayo hata giza likiingia, saa ambayo wenzake walikuwa wameshateremka wanakunywa supu.

Na ni nani aliyembebea mzee mkoba miaka yote ile? Kreszenz. Nani alilala naye kwenye kibanda cha milimani, akala mkate wake mkavu na nyama yake ya moshi, akanyamaza alipoambiwa anyamaze? Burgi alizaliwa mwisho, wakati Kreszenz ameshakuwa msichana mkubwa. Akalelewa jikoni kwa mama kwa sababu ya kifua chake kibovu, akaenda mjini kusuka watu nywele, akarudi mtu mzima na cheti cha uwindaji ambacho wino wake ulikuwa haujakauka. Huyo ndiye aliyepewa bunduki.

Sasa kulikuwa na jambo la kiti. Chama kilikuwa na desturi yake: nyumba moja, kiti kimoja, pale kwenye meza iliyo karibu na jiko katika baa ya kijiji. Asiye na kiti huwinda kama mgeni, akialikwa. Kiti cha mzee Leonhard kilikuwa wazi tangu msiba, na nyumba yake ilikuwa na mabinti wawili. Gebhard, mtu asiyependa kelele za wanawake wala za wanaume, alikata shauri kwa njia yake.

"Yuko yule kulungu mzee mwenye pembe iliyovunjika," aliwaambia. "Mwaka huu lazima aondoke, meno yameisha, hatavuka majira ya baridi. Atakayempiga kati yenu, kiti ni chake. Msinijie tena na hadithi."

Wiki hiyohiyo Kreszenz akateremka mjini, dukani kwa Vinzenz, muuza bunduki na vioo. Hakuwa na mpango wowote kichwani isipokuwa mmoja: atoke na kitu kikubwa kuliko cha Burgi. Akaiokota darubini iliyokuwa ndefu na nene kuliko zote kabatini.

"Unaitaka kwa kazi gani?" Vinzenz akamuuliza. Walisoma darasa moja, na alizoea kumwita Zenzi.

"Kulungu. Jioni, mwanga ukiwa unaishia."

"Basi hiyo si yako."

"Ndiyo kubwa kuliko zote."

"Ndiyo maana nakwambia."

Akamwongoza hadi mlangoni, akaishika darubini kwa urefu wa mkono, akaielekeza kwenye anga juu ya paa la kanisa. "Tazama kioo cha nyuma. Usikisogelee, kitazame ukiwa mbali hivyohivyo. Unaona nini?"

Kreszenz akaona kaduara keupe katikati ya weusi. "Kaduara."

"Hako ndiko mwanga wote utakaoingia jichoni mwako. Hakuna mwingine." Akaizungusha pete ya kukuza, na kaduara kakasinyaa mpaka kakawa kama kichwa cha pini. Akairudisha, kakavimba, kakawa kama punje ya njegere. "Hesabu yake ni nyepesi. Chukua upana wa lenzi ya mbele, gawa kwa mara unazokuza. Ukikuza sana, mwanga unabaki kidogo. Mchana si neno, maana mboni ya jicho nayo imejibana. Jioni mboni inafunguka kuomba mwanga, halafu wewe unaipa tone."

"Na ya baba?"

"Ya mzee inakuza mara sita tu, basi. Lenzi ya mbele arobaini na mbili. Gawa."

"Saba."

"Milimita saba. Mboni ya mtu kijana inafunguka kiasi hichohicho. Juzi mdogo wako alikuja nisafishe vioo, akaniuliza kama anunue mpya. Nikamwambia atulie na hiyo. Macho yake bado machanga, yanaunywa mwanga wote."

Kreszenz akahesabu vya Burgi. Kumbe hata macho. Alipewa bunduki, alipewa ujana, na sasa amepewa hata mboni zinazofunguka vizuri. "Na yangu?"

Vinzenz akakohoa. "Sisi wa umri huu, Zenzi, tuseme ukweli. Mboni zetu haziendi tena mpaka saba. Tano, pengine pungufu. Mwanga unaozidi hapo unamwagikia kwenye kope. Chukua hii ndogo, nyepesi, haikai juu sana kwenye bunduki. Utaona sawasawa na mtu yeyote wa rika letu."

Maneno ya rika letu ndiyo yaliyomaliza mjadala. Akanunua ile kubwa. Vinzenz akaifungia kwenye bunduki yake juu ya vishikio virefu, maana lenzi ya mbele ilikuwa nene mno, ingegusa mtutu. Alipomrudishia alimwambia alipandishe shavu lake kwa kipande cha ngozi kwenye kitako, lifikie usawa wa darubini. Kreszenz akaitikia bila kusikia.

Jioni ya siku waliyopangiwa, Gebhard aliwapeleka kila mmoja kwenye kibanda chake cha juu ya nguzo, pembeni ya uwanda mmoja wa nyasi. Cha Burgi kilikuwa upande wa miti ya misonobari, cha Kreszenz upande wa kijito. Kila kimoja kilitazama mteremko, si kingine, ili risasi zisikutane na watu. Yeye mwenyewe alipanda ukingo wa juu na darubini yake ya miguu mitatu. Kabla ya kuondoka akawarudia yale anayomwambia kila mtu, awe mgeni au mkongwe.

"Darubini ya mkononi ndiyo ya kutazamia. Ya bunduki ni ya mwisho, ukishaamua. Mtu haangalii kwa bunduki kitu ambacho hataki kukiua."

"Umesema tangu tukiwa watoto, Gebhard," Kreszenz akamjibu.

"Na nitasema mpaka nife. Nendeni."

Jua likaingia nyuma ya kilele. Nyasi zikawa za kijivu, ukungu ukaanza kupanda kutoka kijitoni. Kreszenz akaijaribu darubini yake mpya kwenye mteremko mtupu, akiwa ameikuza mpaka mwisho, kwa sababu alitaka kukiona kile alicholipia. Aliona uji mweusi unaotetemeka. Shavu lake lilikuwa linaelea hewani juu ya kitako, akawa anaegemeza kidevu, na kila alipopumua weusi wa duara ulimeza picha upande mmoja, kisha upande mwingine. Akamtukana Vinzenz kimoyomoyo, halafu, kwa shingo upande, akakumbuka kaduara. Akairudisha pete taratibu. Mwanga ukaingia. Jani moja moja likajitokeza, kokoto za kijito, mzizi wa mti uliokatwa. Hapo akakubali kwamba kioo kile ni kizuri. Akatamani Burgi awepo aone.

Ndipo kulungu akanguruma ndani ya msitu, karibu kabisa. Mlio ule hupita kifuani kabla ya kufika sikioni. Kidole gumba cha Kreszenz kikaufungua usalama wa bunduki, kile kifungo kinachozuia risasi, bila kumwuliza.

Akangoja. Uwandani hapakuwa na kitu. Akageuka kutazama kibanda cha Burgi, akaona kama mtutu unasogea. Moyo ukamlipuka. Amemwona. Kwa macho yake machanga na kioo cha baba, amemwona yule mnyama, na mimi nimekaa hapa kama gogo. Akainua darubini ya mkononi, ile ya zamani, akaona kivuli ndani ya kivuli. Burgi anaona nini? Ameelekea wapi? Alijua kanuni. Aliwahi kuwafundisha watoto wa shule kanuni hiyohiyo, akawagomba wasioishika vizuri. Lakini wivu ulimkaba, na kioo kizuri kuliko vyote bondeni kilikuwa mapajani mwake.

Akainua bunduki, akaielekeza kwa mdogo wake.

Aliona vizuri. Aliona kofia ya kijani na nywele zilizochomoka chini yake, aliona vidole vyenye glavu zilizokatwa ncha. Msalaba wa vistari vyembamba ukatulia juu ya kifua, ukapanda mpaka usoni. Na mahali lilipopaswa kuwepo jicho la Burgi palikuwa na duara la kioo, jeusi, linamtazama yeye.

Kisha Kreszenz akahisi ubaridi wa chuma kwenye kidole chake cha shahada, akakumbuka usalama aliokuwa ameufungua. Akaufunga. Akaishusha bunduki, akatoa risasi, moja ikadondoka chini kwenye nyasi. Kule upande wa misonobari mtutu nao ukashuka. Wakakaa hivyo, kila mmoja kwenye kibanda chake, mpaka giza likafunga uwanda.

Walikutana njiani kuteremka. Burgi alikuwa mbele, akapunguza mwendo.

"Ulikuwa unaniangalia tangu saa ngapi?" Kreszenz akauliza.

"Tangu ulipopanda."

"Mpumbavu wewe."

"Na wewe je?"

Wakatembea. Mawe yalikuwa yameanza kuteleza kwa umande. Burgi akasema bila kugeuka, "Nilitaka nikuone unavyokaa. Baba alikuwa akisema, hakuna anayejua kukaa kibandani kama Zenzi. Kila siku Zenzi. Nikija nyumbani likizo, ni habari za Zenzi. Nikipata cheti, ananiambia muulize Zenzi."

"Lakini bunduki alikupa wewe."

"Alinipa bunduki kwa sababu hakuwa amenipa kitu kingine. Wewe alikupa yeye mwenyewe, miaka yote ile. Ungependa tubadilishane, dada?"

Kreszenz alikuwa na swali moja tu. "Ya kwako ilikuwa na risasi?"

"Ya kwako?"

Hakuna aliyejibu, na wote wawili wakapata jibu.

Akili ya Kreszenz ilikuwa imeshaanza kazi yake chafu kabla hawajafika kijijini. Mwenye kumwelekezea mtu bunduki hapati kiti, hata mwaliko hapati. Hilo halina msalie mtume. Neno moja kwa Gebhard, na Burgi kwisha. Ila Gebhard angeuliza: wewe ulimwonaje, gizani, umbali ule? Akamtupia jicho mdogo wake, na kwa jinsi Burgi alivyokuwa akitafuna mdomo, akajua na yeye amepiga hesabu hiyohiyo akagota palepale.

Gebhard alikuwa ameshafika, amekaa mezani karibu na jiko, bakuli la supu ya madonge mbele yake, kofia kavu pembeni. Hakukuwa na kitawi cha msonobari juu ya meza cha kumpongezea mwindaji aliyepiga mnyama. Akawaashiria wakae upande wa pili.

"Ametoka," akasema. "Pembe iliyovunjika. Ametoka msituni, akasimama katikati ya uwanda, kati yenu ninyi wawili, ubavu wazi. Akanguruma tena. Nikasubiri mlio wa risasi."

Burgi akavua glavu zake, moja baada ya nyingine.

"Nikajiuliza, wamelala? Nikawageuzia darubini yangu ninyi, maana yangu haina risasi." Akala kijiko kimoja cha supu. "Sasa niambieni wenyewe. Mlikuwa mnaangalia nini?"

Burgi akatazama mikono yake. Kreszenz, kwa kuwa ndiye mkubwa, akasema, "Tulikuwa tunaangaliana."

Gebhard akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa hali ya hewa. Akainuka, akakishika kiti cha mzee Leonhard kwenye egemeo, kile chenye moyo uliochongwa kwenye mbao, akakigeuza, akakiegemeza kwenye meza kama wafanyavyo mahali pasipo na mwenyewe. "Kitakaa hivi. Kulungu nitampiga mimi kesho. Cheti chako, Zenzi. Na chako, Burgi. Vitakaa kwangu mpaka mwakani, halafu tutaona."

Wakavitoa, wakaviweka mezani. Mwenye baa, aliyekuwa anakuja na bilauri mbili za pombe ya matunda, akageuka akarudi nazo.

Kreszenz alikitazama kile kiti kilichoinamishwa, akangoja uchungu uje. Alikuwa amekitaka maisha yake yote, na amekikosa mbele ya macho yake. Lakini kilichokuja kwanza hakikuwa uchungu. Ilikuwa raha, ndogo na ya joto, kwamba Burgi naye amekikosa. Akaona aibu, akainua uso kumtazama mdogo wake. Burgi alikuwa anakitazama kiti kilekile, na ametabasamu kidogo.