Kimya cha Kocha

Kuacha kazi ghafla mtu yeyote anaweza: unabeba mkoba wako, kwaherini. Kasheshe ni kuacha kidogo kidogo, na hilo ndilo lililokuwa likimtoa Kocha jasho Jumatano ile, saa nne kasoro dakika kumi, ameketi kwenye kiti cha pembeni karibu na printa.

Hakuwa kocha wa mpira. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, na kwa mwaka na nusu alikuwa amewalea watu sita wanaotengeneza programu za kompyuta, akiwafundisha kufanya kazi pamoja bila kutoana macho. Sasa walikuwa wamekubaliana ajiondoe polepole. Mwezi wa kwanza aliacha kuendesha kikao cha asubuhi. Wa pili akaacha kupanga nani afanye nini. Dada yake mkubwa, mkunga, alimcheka kwenye simu: "Mdogo wangu, unaachisha watoto ziwa, halafu anayelia ni wewe!"

Leo ilikuwa zamu ya jambo zito. Saa nne kamili timu ingetuma hospitalini toleo jipya la programu inayowaambia wauguzi mgonjwa gani apewe dawa gani, saa ngapi. Na Kocha alikuwa ameapa mbele ya wote kwamba hatafungua kinywa.

Lo! Mtu akishaapa ndipo macho yanapomfunguka. Ubaoni, katikati ya kadi za kazi zilizotiwa alama ya vyema kuonyesha zimekamilika, aliiona moja haina alama: kujaribu kulirudisha toleo la zamani. Yaani jipya likiharibika, hawana pa kurudi! Kijasho chembamba kikamshuka mgongoni. Akamwona akilini muuguzi anatazama kompyuta iliyoganda huku mgonjwa anasubiri dawa. Jikaze kisabuni, akajiambia, akaminya midomo.

"Jamani, tuko tayari?" aliuliza Kinanda, fundi mkuu wa timu, aliyepewa jina hilo kwa jinsi anavyovitwanga vitufe.

Vichwa vyote viligeuka kule kwenye printa. Kocha akajitia kutazama kucha zake.

"Haya, Kocha kanyamaza," Kinanda akasema, amechangamka. "Angekuwa na neno tungeshaliona usoni. Twende kazi!"

Moyo ulimlipuka paa! Kumbe miezi miwili yote hakuwa ameacha chochote. Walikuwa wakimsoma uso, na kimya chake wamekifanya ruhusa. Akainuka kwa kishindo, kiti kikaanguka.

"Kimya changu si ruhusa!" alisema. "Mimi leo sijakagua kitu. Msinitazame mimi, itazameni kazi yenu. Natoka."

Akatoka kweli, na ile kadi hakuitaja. Alijua akiitaja tu, watamgeukia tena hadi siku ya kustaafu. Lakini alipofika koridoni akajuta palepale. We mama una wazimu? Wagonjwa wa watu hao! Akarudi mlangoni, akashika kitasa. Kinanda alikuwa na mazoea ya kuhesabu kwa sauti kabla ya kutuma, tano hadi moja. Akifika tatu naingia, Kocha akaamua, kiapo na kife.

Saa nne ikafika. Hakusikia hesabu. Alisikia ubishi, kisha mtu akapiga meza. Dakika ishirini alisimama pale, mkono umelowa kitasani.

Mlango ukafunguka. Alikuwa mkaguzi wa timu, binti mwembamba ambaye kazi yake ni kutafuta makosa.

"Mama, tumeahirisha."

"Ile kadi!" Kocha akaropoka. "Ya kurudisha toleo la zamani!"

"Ah, hiyo? Tuliijaribu jana, ikakubali. Tulisahau tu kuitia alama ya vyema." Binti akainamisha macho. "Ni kitu kingine. Ulipotoka, tukaona basi, tupitie kila kitu upya. Mgonjwa akihamishwa wodi, hili toleo linamwagizia dozi ileile mara ya pili."

"Mungu wangu! Nani alitengeneza hicho kipande?"

"Mimi, kabla sijafanywa mkaguzi," binti akasema. "Lakini wewe ndiye uliyekipitisha, miezi mitatu iliyopita. Ulisema kiko safi. Kwa hiyo hakuna aliyekigusa tena."

Kocha akaegemea ukuta. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Angebaki kwenye kiti kile, roho juu kwa ajili ya kadi isiyo na shida, na dozi mbili zingepita mbele ya macho yake.

"Niingie niwasaidie?" akauliza, na yeye mwenyewe akasikia anavyoomba.

Binti alitazama ndani kwa wenzake, kisha akamtazama yeye.

"Hapana, Mama," akasema kwa upole. "Ukiingia, tutaacha kutafuta."

Akarudi ndani, akafunga mlango.