Kipindi cha Mwisho cha Yahya

Bi Amina alifika redioni asubuhi. Alikuwa amevuka kwa mashua kutoka Songo Mnara, na kanga yake ilikuwa bado na unyevu wa chumvi kwenye pindo. Mwanawe Yahya, mtangazaji wa kipindi cha alasiri, alikuwa amefariki kwa ajali ya bodaboda, na arobaini yake ilikuwa imekaribia.

"Shikamoo, bibi," alisema Likwata, fundi wa kompyuta.

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata sauti ya Yahya. Tulikuwa tumenuniana. Watu wananiambia kipindi chake cha mwisho aliniomba radhi hewani, kwa jina langu. Mimi sikusikia, redio haikuwa na betri. Sasa sijui kama ni kweli, au wananipoza tu."

Vipindi vya redio vilihifadhiwa kwenye seva ya kukodi. Haikuwa mashine ya kushikika, bali sehemu iliyotengwa ndani ya mashine kubwa ya kampuni moja huko Dar es Salaam. Diski yake ilikuwa imejaa pomoni, hata ukurasa wa vipindi ukagoma kufunguka. Likwata aliingia kwa njia ya mafundi, ile ya maandishi matupu, akaita majina ya mafaili. Huseni, fundi mitambo wa kipindi cha Yahya, aliinama begani kwake.

"Si hili hapa! Yahya, na tarehe yake! Bibi, lipo!"

"Alhamdulillahi," alisema Bi Amina, akaketi.

Likwata alikuwa bado anaitazama orodha.

"Futa matangazo ya zamani upate nafasi, umpigie bibi asikie," Huseni alimhimiza.

"Kidole kikiteleza nitafuta na hili. Bora tuongeze diski."

Kwanza alisimamisha programu ya kurekodi, ili seva isiandike chochote wakati wa kazi. Kisha akaiagiza kampuni ichukue nakala ya seva nzima jinsi ilivyo, ili mambo yakiharibika wairudishe. Akangoja.

"Wewe Likwata ukipewa kuku wa kuchinja, utampima homa kwanza," alisema Huseni.

Bi Amina alitabasamu kidogo. "Mwache. Mimi sina haraka tena."

Nakala ilipokamilika, Likwata aliomba diski kubwa zaidi. Ikaja, lakini seva ikaendelea kulalamika kuwa imejaa. Huseni akaguna. Likwata alimweleza kuwa ni kama shamba lililoongezwa huku uzio ukiwa pale pale. Alisogeza mpaka wa ndani hadi mwisho wa diski, kisha akaiamuru seva itandaze hifadhi yake ijaze eneo jipya. Kila amri aliisoma upya kabla ya kuibonyeza. Adhana ya adhuhuri ilipita, Bi Amina akaenda kuswali, akarudi.

Ukurasa ulifunguka. Hakuna faili lililopotea. Likwata alilifungua lile la Yahya na kuongeza sauti.

Kimya.

Akatazama ukubwa wake: sifuri. Yaliyolitangulia siku zile nayo yalikuwa sifuri. Hapo akaelewa. Diski ilikuwa imejaa kabla ya kipindi kile. Programu iliendelea kuandika majina, kwani jina halihitaji nafasi kubwa, lakini sauti ilikuwa imekosa pa kukaa. Hewani ilisikika, ikapita.

"Mbona hasemi?" aliuliza Bi Amina.

"Bibi, lililopo ni jina tu. Sauti haikuingia." Likwata aliondoa mkono kwenye kibodi. "Hata nakala haitasaidia. Sauti haikuwepo tangu siku ile."

Bi Amina alimgeukia Huseni. "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Aliniomba, au hakuniomba?"

"Wallahi, bibi, alikuomba..."

"Usiape. Niambie maneno yake."

Huseni alitazama mitambo, kisha sakafu.

"Nilitoka nje, bibi. Nilikuwa nazungumza na simu."

Feni ya dari ilizunguka juu yao. Bi Amina alijifunga kanga upya, taratibu, akasimama akishika meza.

"Hiyo nafasi mliyoongeza, ni kubwa?"

"Kubwa, bibi."

"Haya. Wawekeeni wengine."