Kitanda cha Mninga

Kwanza tuelewane: mkongo si mti mbaya. Mzito, mwekundu, unakula meno ya msumeno, na vumbi lake linakupigisha chafya hadi magharibi. Mvule nao unafaa milango, ila ndani una vijiwe vya kumtukanisha fundi aliyekwisha tawadha. Mninga ndiyo mbao. Haupindi, haubunguliwi, randa inateleza yenyewe. Nimefanya useremala hapa Bagamoyo miaka thelathini na nne, anayebisha aje na ubao wake.

Ndiyo maana Shuaibu, mkulima wa mananasi wa Kiwangwa, alipomposa binti yangu Hafidha, nilitoa sharti moja tu. Kwetu kitanda huleta bwana harusi, na upande wa mke hukikagua kabla ya nikahi. Nikasema kiwe cha mninga mtupu. Nilijua mninga umeadimika, na moyoni nilimwombea akose. Tangu mama yake afariki, Hafidha ndiye anayenipigia msasa, ndiye anayenipikia, ndiye ninayegombana naye kila asubuhi. Sikutaka aende. Lakini hilo sikulisema.

Baada ya miezi minne kijana akaleta kitanda kwa Canter, yeye na wajomba zake wawili. Kikashushwa uani mbele ya dada yangu Shufaa na wanawake wa mtaani. Nikakigonga. Nikakinusa. Nikainama nikakwangua uvunguni kwa patasi. Ulikuwa mninga, Mungu anisamehe, tena mzuri kuliko wowote niliowahi kuushika.

"Mkongo huu," nikasema.

Shuaibu hakubisha. Mkulima atabishana vipi na seremala juu ya mbao? Wajomba wakaomba radhi, wakasema wameuziwa mbuzi kwenye gunia, wakaanza kutafuta kamba wakirudishe garini.

Hapo Hafidha akatoka ndani, jambo ambalo mwali hafanyi mbele ya wakwe. Akapitisha kiganja kwenye ubao wa kichwani, taratibu, kama anavyofanya karakanani. Kisha akamgeukia Shufaa, si mimi.

"Shangazi, baba hatambui tena mninga. Macho yake yamekwisha. Waambie ndoa haipo, nitabaki nimtunze. Na wateja nao waambiwe."

Basi nikawa nimepata nilichokitaka. Nikamtazama. Sauti yake ilikuwa kavu, lakini machozi yalikuwa yameteremka mashavuni hadi shingoni. Nikaona atabaki kweli, mpaka azeeke.

"Ni mninga," nikasema. "Nimedanganya. Sitaki uende."

Shufaa akavuta istighfari ndefu. Mjomba mmoja akacheka, mwenziwe akamkanyaga mguu. Hafidha akaja kusimama karibu yangu.

"La mninga nilikuwa nalijua, baba," akasema. "Hilo la pili ndilo nililokuwa nalisubiri."

Nikawaambia wajomba wakipakie, kiende Kiwangwa kimsubiri bibi harusi, na wakifunge vizuri kisisuguane na bodi ya gari. Kisha nikalia mbele ya wakwe, mtu mzima na kanzu yangu.